Njuga na Mbwa Asiyetii

Mimi si mtu wa mbwa, na nataka hilo lijulikane mapema ili mtu asinisifu kwa nisichonacho. Nauza vanishi, msasa, gundi na misumari pale Agakiriro ya Gisozi, ambako nusu ya Kigali huja kutengenezewa vitanda na makabati, na duka langu limepakana na karakana ya baba yangu. Baba anaitwa Frederick Sangwa. Ana miaka sabini na mmoja, ni seremala, na watu wanamjua kwa mambo mawili: milango isiyokwaruza sakafu na mdomo usiofunguka. Ukimsalimia asubuhi atakujibu vizuri. Ukiongeza swali la pili, anachukua randa.

Juu ya mlango wa karakana yake, tangu nipate akili, kulikuwa na njuga. Usifikirie zile njuga ndogo za miguuni za wacheza ngoma. Hii ilikuwa ya chuma, imefuliwa na mhunzi, kubwa kama ngumi ya mtoto, ina ulimi wake ndani, na imefungwa kwenye ukanda uliosokotwa kwa ngozi ya pongo. Ilining'inia Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa. Tuliporudi Rwanda ikaning'inia Gakinjiro, walikokuwa mafundi zamani, na mafundi walipohamishiwa Gisozi, njuga ilitangulia kabla ya mashine. Mteja akiuliza kama inauzwa, Baba husema "Hapana" na kuendelea kupima mbao.

Hata mimi, mwanawe Mugeni, nilisimuliwa habari ya njuga ile mara moja tu, siku tuliyomzika Mama. Watu walikuwa wameshaondoka, viti vya kukodi vimepangwa ukutani, na Baba akaanza kusema kama mtu anayejisemea peke yake.

Babu yangu alikuwa mwindaji kule Gisaka, mashariki, karibu na mto Akagera. Mbwa wa Kinyarwanda wa siku zile walikuwa wembamba, masikio yamesimama, na hawakuwa wabwekaji. Wakimwona mnyama wananyamaza na kukimbia. Sasa katika nyasi zinazomfunika mtu mzima, mwindaji atajuaje mbwa wake yuko wapi? Anamvisha njuga. Wakati wa kutoka nyumbani anaishindilia majani ndani ili isilie, wakifika mawindoni anayatoa, na kuanzia hapo anamfuata mbwa kwa sikio. Kazi ikiisha anapiga magoti, anaifungua njuga, anasema "Taha," yaani nenda nyumbani, na mbwa anatangulia mbio kwenda kula. Mbwa wa Babu aliitwa Gaju, kwa ajili ya rangi yake ya udongo mwekundu. Aliyekuwa akimngojea nyumbani na chakula ni Baba, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka saba.

Mwaka wa 1961 familia ilikimbia mauaji ya Watutsi, ivuke Akagera kuingia Tanganyika. Gaju hakuwa mbwa wa kumfuata mtu hovyo. Bila njuga haondoki uani. Kwa hiyo Babu alimvisha, akaishindilia majani, na mbwa akafuata akidhani wanakwenda kuwinda. Alfajiri walikuwa wamejibanza kwenye mafunjo ya mto, watu kama thelathini, wakingoja mtumbwi wa kuwavusha. Majani yalilowa, yakadondoka, na njuga ikalia mara moja.

Baba alisema hajawahi kutazamwa vile na watu wazima, tena aliyekuwa akitazamwa si yeye, ni baba yake. Kulikuwa na mama aliyekuwa ameziba mdomo wa kichanga kwa kiganja. Babu alipiga magoti akaifungua njuga. Hakusema "Taha," wala hakukuwa na haja. Gaju alijinyoosha, akatikisa mkia, akageuka na kurudi mbio njia waliyojia, kwa sababu kazi imekwisha na nyumbani kuna mtoto anangoja na chakula. Mtoto mwenyewe alikuwa pale pale kwenye matope, mkono wa mama yake mdomoni, na kuita kulikuwa kufa. Waswahili husema mbwa hafi maji akiuona ufuko. Gaju hata maji hakuyagusa.

"Sijaona mbwa mtiifu kama yule," Baba aliniambia. Kisha akasema, "Sitaki kumwacha mbwa mwingine. Ndiyo maana sifugi." Akanyamaza, na ukimya ule ukaendelea miaka kumi na miwili.

Basi mwaka jana akaja Phiona na balaa lake.

Phiona ni binti aliyekulia Uganda, anafanya kazi za ndani kwa familia moja ya wageni kule Kacyiru. Alikuja kuagiza sanduku la kumsafirishia mbwa kwa ndege, na mbwa mwenyewe alikuwa naye, amemfunga kamba. Alikuwa mdogo, mweupe, manyoya yamesimama kama brashi iliyochoka, na doa la kahawia juu ya jicho moja. Jina lake Biskuti. Mafundi walisogea nyuma. Nchi hii ina watu wengi wasiotaka mbwa karibu, na wana sababu zao. Jirani yetu Bizimana, fundi wa madawati, alikuwa hapa Kigali mwaka wa tisini na nne, wakati wa mauaji ya kimbari. Alichowaona mbwa wakifanya kwenye maiti miezi ile hajakisimulia, nami sijamuuliza.

Baba alipiga magoti ampime. Biskuti aliutazama utepe wa kupimia, akaudaka kwa meno, akaanza kuuvuta huku akinguruma kama mnyama wa mara tano ya kimo chake. Baba akavuta kwake, mbwa akavuta kwake. Mara nikasikia sauti ambayo sikuitambua, nikatoka dukani kuangalia. Alikuwa Baba anacheka.

Sanduku lilitengenezwa, zuri kuliko vitanda vya watu, lakini halikusafiri. Nchi ambayo familia ile ilikuwa inahamia ilikuwa na masharti ya miezi mingi kuhusu wanyama, na wao walikuwa na wiki mbili. Walimwachia Phiona mbwa. Mwenye nyumba wa Phiona akasema achague chumba au mbwa. Phiona akarudi Gisozi na sanduku kichwani, mbwa mkononi, machozi usoni.

"Muzee," alimwambia Baba, "wewe ndiye mutu mumoja tu alimugusa bila kuogopa."

Nilisema hapana, kwa sauti, mbele ya wateja. Baba alichukua sanduku, akaliweka chini ya meza yake ya kazi, akalifungua mlango.

Kwa hasira nilikwenda kwenye simu kutafuta ni kitu gani hiki tulicholetewa, ili nimsomee Baba ubaya wake. Wanaitwa Jack Russell, ni jamii ya teria, mbwa wadogo wa kuingia mashimoni. Nikasoma kwamba karne mbili zilizopita kulikuwa na mchungaji wa kanisa kule Uingereza, mpenda kuwinda mbweha, ambaye inasemekana akiwa bado mwanafunzi alimwona muuza maziwa ana mbwa jike mdogo mweupe, akamnunua papo hapo. Kwake ndiko ulikotoka ukoo.

"Mchungaji mzima?" Baba, Mkatoliki wa misa ya kwanza, aliuliza. "Ibada alikuwa anafanya saa ngapi?"

Nikaendelea. Walitakiwa weupe ili wakitoka shimoni na matope mwindaji asije akawadhania mbweha. Walitakiwa wembamba wa kifua, wapite alipopita mbweha. Wala hawakutakiwa kuua. Kazi yao ilikuwa kusimama pua kwa pua na mbweha gizani na kubweka, kubweka, mpaka mbweha mwenyewe aone afadhali jua, au mpaka watu walioko juu, wametega sikio, wachimbe kufuata sauti. Na kwa kuwa mle chini hakuna bwana wa kumwambia mbwa fanya hivi au acha, walichaguliwa wale wenye kuamua wenyewe.

"Yaani, Baba, wamefugwa miaka mia mbili ili wasisikie la mtu," nilimaliza.

Baba aliweka randa chini. "Kumbe wao wanamfuata kwa sauti yake," alisema. "Sisi kwa njuga." Basi. Ubaya wote ule niliousoma haukuingia hata sikio moja.

Na ubaya ulikuwepo, msidhani nasingizia. Ukimwita Biskuti, anakutazama kwanza kama anayepima kama una jambo la maana. Ukimkataza kuchimba, anangoja ugeuke. Alikula brashi zangu mbili za vanishi. Alipigana na mashine ya kuranda kila ilipowashwa, na hakukubali kushindwa. Lijibwa la walinzi wa ghala la jirani lilipita siku moja, nalo lina uzito wa magunia mawili, Biskuti akalifukuza hadi barabarani. Wenzangu walinikumbusha kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, nikawaambia mimi sichezi naye, anayecheza ni mzee.

"Ile si mbwa," Bizimana alikuwa akisema, kila mzee akidai atatumalizia panya. "Ile iko panya mweupe. Panya itakuraje panya ingine?"

Ila jioni nilikuwa namwona Baba ameketi juu ya ndoo, mbwa amelala juu ya kiatu chake, na Baba anaongea. Anaongea! Habari za Karagwe, za nyasi, za namna mhunzi wa Gisaka alivyokuwa akijaribu njuga sikioni kabla ya kuitoa. Mambo ambayo nimeishi miaka arobaini na minne bila kuyasikia alikuwa anamsimulia mbwa. Nilimwonea mbwa wivu, nakiri. Nikaanza kuhamisha kazi zangu za kuhesabu misumari karibu na ndoo ile ili nami nisikie.

Mwezi wake wa tatu kwetu Biskuti aliua panya buku wake wa kwanza, akamleta hadi miguuni pa Baba. Kesho yake asubuhi nilikuta mlango wa karakana uko wazi na juu yake msumari mtupu. Njuga ilikuwa shingoni mwa mbwa.

"Baba, huyu hahitaji hiyo. Huyu anabweka."

"Mbwa wa kuwinda anavaa njuga," alisema. "Akivua si mwindaji tena."

Ningebishana zaidi, lakini alikuwa na uso ambao sijui kuuvunja. Alikuwa amempa kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo, na kosa lake lilikuwa la Mnyarwanda wa Gisaka: njuga ni ya mbwa wa nyasini. Mbwa wa shimoni hata ukanda mtupu shingoni ni hatari kwake. Wala mimi sikulijua hilo. Simu yangu haikuwa imeniambia.

Haikupita wiki. Alhamisi saa tisa alasiri, panya alikatiza karakana, akapita chini ya rundo la mbao za Bizimana, zile nyekundu nzito za Kongo zinazoitwa libuyu, akaingia kwenye ukuta wa mawe unaozuia udongo wa mlima. Biskuti akamfuata. Njuga ililia ndani ya mawe, ikalia mbali zaidi, kisha haikulia tena.

Mwanzoni hatukujali. Baada ya nusu saa Baba aliita. Baada ya saa nzima alikuwa amelala kifudifudi juu ya maranda, sikio limebanwa ukutani, na mashine zinanguruma pande zote: misumeno, randa, wachomeleaji wa mageti wakigonga vyuma kule chini. Nilimwona anahamisha sikio hapa, pale, hapa tena.

"Sisikii," aliniambia. "Mugeni, simsikii."

Sijawahi kumwona baba yangu anaogopa. Nilijua kilichokuwa ndani ya ule ukuta, nami hapo sikuwa tena mtu asiyependa mbwa, nilikuwa mtoto wa mtu. Ukanda wa ngozi umenasa mahali. Mbwa amefungwa shingo na zawadi ya Baba, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyojinyonga.

Bizimana alikuwa amesimama na penseli sikioni. Alikuwa na madawati sitini ya shule ya kupeleka Ijumaa asubuhi. Alimtazama mzee pale chini. Kisha akageuka, akazima msumeno wake, akatoka nje.

"Zima mashine!" nilimsikia akipaza sauti kwenye karakana ya pili. "Zima, nyamuneka, tafadhali! Muzee Sangwa iko nasikiriza mbwa yake! Na wewe, zima!"

Walimtukana, wengine wakacheka. Lakini Bizimana kumwombea mbwa ni jambo ambalo hata wasiomjua waliliona usoni mwake. Msumeno mmoja ukanyamaza, kisha mwingine, kisha randa za ghorofa ya juu, na mwisho wachomeleaji wakaweka nyundo chini. Miaka yote niliyouza pale sikuwahi kujua kwamba kutoka dukani kwangu unaweza kusikia kwaya ikifanya mazoezi ng'ambo ya bonde. Watu walijaa mlangoni, wote kimya.

Biskuti alibweka mara moja, kwa sauti iliyokwaruza, kama mtu aliyekabwa. Haikutoka pale tulipodhani, ilitoka mkono wa kushoto, chini ya libuyu zote za Bizimana.

Bizimana hakungoja kuombwa. "Toa mbao," alisema, na watu wazima kumi na wawili wakaanza kuhamisha rundo lake. Kila walipotua, Baba aliinua mkono, wote wakanyamaza, na mbwa akabweka tena, kidogo kuliko mara ya kwanza. Wakachomoa mawe kufuata sauti. Jiwe la nne lilipotoka Baba aliingiza mkono mpaka begani.

"Nimemshika. Njuga imekwama kati ya mawe mawili. Ukanda umekaza, haufunguki." Akatoa mkono. "Nipe patasi."

Nilimpa. Aliingiza tena mkono, na hapo akasita. Ukanda ule Babu aliusokota kwa mikono yake, na mikono hiyo imelala katika udongo wa Karagwe. Baba hana picha ya baba yake. Alisita pengine kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, nami, Mungu anisamehe, nilimchukia kwa pumzi zile mbili. Kisha bega lake likasukuma, na tukasikia ngozi ikikatika.

Biskuti alitoka matako mbele, amejaa udongo, na mdomoni panya buku aliyemwokota njiani. Watu walipiga makofi. Baba alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akampangusa macho, akamgusa shingo palipokuwa na alama ya ukanda. Alikuwa bado amepiga magoti. Na nadhani hakujua anachosema, maana midomo ilitikisika tu kama ya mtu aliye usingizini.

"Taha," alisema.

Biskuti alijikung'uta, akapiga chafya, akamtazama Baba kwa ule mtazamo wake wa kupima kama jambo lina maana. Aliona halina. Akamtupa panya chini, akageuka, akarudi moja kwa moja shimoni.

Bizimana ndiye aliyemdaka, miguu ya nyuma, sekunde ya mwisho. Alibaki amemkumbatia kifuani yule mbwa anayefurukuta, kama mtu aliyeshika kaa la moto na kugundua haliungui.

"Hii mbwa," alisema, "iko na kichwa ngumu! Muzee, haisikii hata kidogo!"

Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa kicheko kikawa kilio, kilio cha sauti, mbele ya watu wote, mzee wa miaka sabini na mmoja. Nilikaa naye kwenye maranda nikamshika.

"Gaju alitii," aliniambia. "Mugeni, yeye alitii. Ndiyo tukamwacha."

Bizimana alisema atabomoa ukuta atoe njuga. Baba akamwambia aiache, akapeleke madawati ya watu. Mawe yakarudishwa, libuyu zikapangwa juu yake, na njuga ya Babu imo humo mpaka leo. Msumari juu ya mlango bado mtupu. Sasa Baba anatundika kofia hapo.

Jioni, saa kumi na moja na nusu, mashine zikizimwa, Baba anafunga madirisha, anachukua ufunguo, anasimama kizingitini. "Taha," anamwambia Biskuti. Anaonyesha barabara kwa kidole. Mbwa anamtazama, anakaa juu ya kiatu chake, na hatoki hapo mpaka Baba naye aanze kutembea. Nilimwuliza kwa nini anamwambia kila siku neno ambalo anajua halitasikiwa.

"Ndiyo maana namwambia," alisema, akafunga mlango.